Mchanga Tunaouuza Ndio Ukuta Wetu

Mtu akifika Kunduchi maji yamekupwa, na atazame chini kabla ya kuitazama bahari. Ataona vipande vya saruji na mawe ya kuta zilizoanguka kifudifudi. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka Hoteli ya Africana, upande wa Mbezi: bahari ilikula ufukwe wake, hoteli ikaachwa.

Husemwa kwamba bahari imekasirika. Sikubali. Bahari inafanya kazi yake ya siku zote. Kusi ikivuma, mawimbi husukuma mchanga kwenda kaskazini. Kaskazi ikishika zamu, sehemu ya mchanga huo hurudi. Unaopotea hufidiwa na ule unaoshushwa na mito, kama Tegeta na Mbezi. Sisi tumeingia katikati ya hesabu hiyo kwa majembe na malori. Nasema sisi kwa sababu hata mimi nimenunua tripu za mchanga, wala sikumwuliza dereva ulikochimbwa. Ni kweli kwamba usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita, na joto lililoupandisha halikutoka kwetu kwa sehemu kubwa. Basi kama wengine wametudhulumu, ndiyo sababu ya sisi kujiongezea?

Mwenye kiwanja akiona maji yanakaribia, huita fundi amjengee ukuta uliosimama wima. Namwelewa, nyumba ni jasho la maisha. Lakini wimbi likiugonga ukuta wa namna hiyo halifi. Hurudi kwa nguvu, likachimba mchanga miguuni pake, bamvua baada ya bamvua, mpaka msingi ubaki wazi na ukuta uiname. Na pale ukuta unapoishia, maji hupinda yakamla jirani. Jirani naye hujenga. Wengine hutandaza mawe kutoka nchi kavu kuingia baharini ili wanase mchanga unaopita. Kweli hunasa, ila wa upande wa pili hukosa riziki yake. Hivyo ufukwe mmoja unagawanywa na watu kumi, kila mmoja akijilinda kwa hasara ya mwenzake, na halmashauri ipo.

Sisemi kuta zisijengwe. Barabara ya Barack Obama, ile iliyoitwa zamani Ocean Road, haiwezi kuhamishwa, na kuijengea ukuta lilikuwa jambo la lazima. Ila ukuta wa bahari ni kazi ya mhandisi. Unataka mteremko, na mawe makubwa yenye nafasi katikati ili wimbi liingie humo lichoke. Mguu wake uzikwe chini kuliko kina kinachochimbwa na mawimbi. Nyuma yake kiwekwe kitambaa cha kuchujia, ili maji yatoke na udongo ubaki. Asiyeweza gharama hiyo heri asijenge nusu yake.

Tuwatazame Waholanzi, mabingwa wa kuta. Dhoruba ya mwaka 1953 iliua kwao watu 1,836, nao wakajenga mabwawa na malango ya kuzuia bahari ambayo dunia nzima huenda kuyaangalia. Watu hao hao, mwaka 2011, walichota mchanga kutoka chini ya bahari, meta za ujazo zaidi ya milioni 20, wakaumwaga mahali pamoja pwani mwao ili mawimbi na upepo viusambaze vyenyewe. Wenye kuta kuliko wote wanachota mchanga kwa fedha nyingi na kuurudisha ufukweni. Sisi tunautoa ufukweni tukauuze.

Tena tuna ngome ambazo Mholanzi hana. Mwamba wa matumbawe ulio hai hulivunja wimbi kubwa mbali na nchi kavu, likafika ufukweni limepungua nguvu. Tumeulipua kwa baruti kutafuta samaki, tumeubomoa kuchoma chokaa. Mikoko nayo hushika tope kwa mizizi na kupunguza kasi ya maji, nasi tunaikata kwa ajili ya boriti na kuni.

Asiniambie mtu kwamba vimbunga ni vya watu wa mbali. Aprili 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kilipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, na waliokuwa na redio siku hiyo wanajua hofu tuliyokaa nayo. Wala si vimbunga tu: wimbi la tsunami la 26 Desemba 2004, lililoanzia Sumatra, liliua watu hata huku kwetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari. Wanaotoa vibali waisome tena. Wanaopanga mipaka ya viwanja wabebe kamba ya kupimia. Na ninyi wakazi, msingoje ofisa. Bamvua kubwa la Machi likija, nendeni ufukweni na watoto wenu, mpige kigingi pale maji yanapofika, muandike tarehe. Mrudi Septemba, mpige kingine. Miaka mitatu ya vigingi ipelekeni kwenye mkutano wa mtaa, siku ileile atakapokuwapo mwenye malori.