Uchambuzi: Nyumba ya kupangisha kwa akiba ndogo yahitaji hati, kibali na hesabu kamili

Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yalionesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120, na kwamba idadi hiyo inaongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Dar es Salaam pekee ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728. Takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja kwa sekta ya makazi: kijana aliyepata ajira ya kwanza, mwanafunzi wa chuo aliyekosa bweni na mtumishi aliyehamia Dodoma kufuata makao makuu ya Serikali wote wanahitaji mahali pa kuishi kabla hawajamudu kujenga.

Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) limekuwa likitoa huduma ya nyumba za kupangisha tangu mwaka 1962. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wapangaji wa mijini huishi katika nyumba za watu binafsi, nyingi zikiwa za vyumba vichache vilivyojengwa kwa akiba ya familia. Kwa mwalimu anayekaribia kustaafu, fundi cherehani au mfanyabiashara wa sokoni, nyumba ya wapangaji ni pensheni ya pili. Azma hiyo ni halali, na inapunguza uhaba wa makazi. Swali la msingi ni namna ya kuianza kwa akiba ndogo bila kuipoteza.

Sehemu ya jibu ipo pembezoni mwa miji, ambako ni kawaida kuona maboma yaliyosimama miaka mingi bila kuezekwa. Mengi yalianzishwa kwa ramani ya nyumba kubwa, fedha zikaishia kwenye lenta. Boma la namna hiyo halina mpangaji, halilipi pango, na kila msimu wa mvua hupunguza uimara wa kuta zake. Familia inabaki ikilipa pango kwa mwingine huku akiba yake yote ikiwa imelala katika tofali. Kwa mwenye mtaji mdogo, vyumba viwili vilivyokamilika, vyenye choo, maji na umeme, vina thamani kubwa kuliko boma la vyumba sita. Ramani inaweza kuchorwa kwa ujenzi wa awamu, ili awamu ya kwanza ianze kuingiza kipato wakati awamu ya pili ikisubiri fedha.

Kabla ya msingi kuchimbwa, jambo la kwanza ni uhalali wa kiwanja. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatambua hatimiliki, ambayo hutolewa kwa muda wa hadi miaka 99, pamoja na leseni ya makazi, ambayo haizidi miaka mitano kwa kila kipindi na inaweza kuhuishwa. Tofauti hiyo ina uzito kwa mwekezaji, kwa kuwa taasisi ya fedha huangalia muda wa milki kabla ya kukubali dhamana. Mnunuzi anapaswa kufanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua mmiliki halisi, na kama kiwanja kimewekwa rehani au kina zuio. Kiwanja kisichopimwa hakina kumbukumbu katika ofisi hiyo, hivyo mnunuzi hana budi kuwauliza majirani na viongozi wa eneo, na kuthibitisha katika halmashauri kuwa eneo halijatengwa kwa matumizi mengine. Saini ya serikali ya mtaa husaidia kumtambua muuzaji, lakini haichukui nafasi ya usajili wa ardhi.

Hatua ya pili ni kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Wapo wanaoona kibali kuwa gharama inayoweza kukwepwa kwa kuwa nyumba ni ndogo. Ukweli ni kwamba mwenye akiba ndogo ndiye anayeumia zaidi inapotokea amri ya kusimamisha au kubomoa ujenzi, kwa sababu hana mtaji mwingine wa kuanza upya.

Hatua ya tatu ni hesabu, na hapo ndipo wengi hujikuta wakihesabu pango lote kama faida. Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini unaonesha namna ya kukokotoa. Mwananchi mwenye kiwanja tayari anajenga vyumba viwili vinavyojitegemea kwa shilingi milioni 14, na kila kimoja kinapangishwa kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima, pango ni shilingi 1,920,000. Kwa hesabu hiyo ya juu juu, fedha zake zingerejea baada ya takriban miaka saba.

Lakini vyumba havikai na mpangaji miezi yote 12. Kila chumba kikikaa wazi mwezi mmoja, mapato yanashuka hadi shilingi 1,760,000. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaweka kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango linalolipwa kwa mmiliki mkazi, ambayo hapa ni shilingi 176,000. Matengenezo ya paa, mabomba na rangi yakitengewa kiasi kama hicho, kodi ya majengo ikiwa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 30,000 zikitengwa kwa kodi ya pango la ardhi na dharura ndogo, kinachobaki ni shilingi 1,360,000. Muda wa kurejesha fedha umesogea hadi zaidi ya miaka kumi. Mradi bado una faida, kwa kuwa nyumba hudumu zaidi ya muda huo na pango huweza kupanda, lakini ni mradi wa subira.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua kiasi cha mkopo. Kama mwananchi huyo angekopa shilingi milioni 14 zote kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee ingekaribia shilingi milioni 2, kiasi kinachozidi pango lote. Nyumba ingemla mwenye nyumba. Akikopa shilingi milioni 4 kwa ajili ya kumalizia, kwa riba hiyo hiyo na kwa miaka mitano, rejesho ni takriban shilingi 95,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,140,000 hivi kwa mwaka. Pango linaweza kulibeba, ingawa kinachobaki ni kidogo. Mkopo wa kukamilisha unabebeka. Mkopo wa kuanzia sifuri unahitaji kipato kingine cha uhakika.

Uangalifu zaidi unahitajika pale nyumba ambayo familia inaishi inapowekwa dhamana ili kujenga ya kupangisha. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Masharti hayo yaliwekwa ili mke, mume na watoto wasijikute nje kwa uamuzi wa mtu mmoja, na wanandoa wanashauriwa kuyachukulia kama nafasi ya kukaa pamoja na kuikagua hesabu.

Kwa wananchi ambao akiba yao haijafikia hata gharama ya msingi, kusubiri si lazima kumaanishe kuweka fedha kabatini. Ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayosimamiwa na taasisi za umma, ikiwemo ya UTT AMIS na Faida Fund ya Watumishi Housing Investments, ambayo ilizinduliwa ikiruhusu kuanza na shilingi 10,000. Mifuko hiyo haimpi mwekezaji nyumba, bali humsaidia kukuza akiba hadi itoshe awamu moja kamili ya ujenzi.

Nyumba inapokamilika, mwenye nyumba anaingia katika uhusiano wa kisheria na mpangaji. Mkataba wa maandishi unapaswa kutaja kiasi cha pango, muda wa notisi, mgawanyo wa ankara za maji na umeme, na nani anawajibika kwa matengenezo gani. Mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu ndio unaopokelewa kama kielelezo shauri linapofika mbele ya chombo cha sheria. Suala la kodi ya majengo nalo liwekwe wazi. Tangu Julai 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, hivyo mara nyingi mpangaji ndiye anayekatwa, ilhali mwenye wajibu wa kuilipa ni mmiliki. Shilingi 1,500 kwa mwezi si nyingi, lakini zisipofidiwa katika pango huzaa manung'uniko.

Vilevile, utaratibu wa kudai pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo huwaumiza wapangaji wa kipato cha chini, na huweza kumwacha mmiliki na chumba kitupu kwa muda mrefu. Mmiliki anayekubali malipo ya mwezi au miezi mitatu huwafikia wapangaji wengi zaidi. Migogoro ikitokea, Baraza la Ardhi la Kata hufanya usuluhishi, na usipofanikiwa shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumtoa mpangaji kwa nguvu au kufunga mlango kwa kufuli jipya kunaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Wananchi wanaokusudia kuingia katika uwekezaji huu wanahimizwa kufika ofisi za ardhi za halmashauri zao kwa ajili ya taarifa za viwanja na vibali, na ofisi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa ajili ya Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi na maelekezo ya kodi ya pango, kabla ya kununua tofali la kwanza.