Kujifunza Kuanguka



Wako kati yetu wazazi na viongozi wa shirika wanaosema kwamba judo haina nafasi katika uwanja wa parokia. Hoja yao ni kwamba Fizi yetu imeona bunduki za kutosha. Ya nini tena kuwafundisha watoto kupigana? Uchungu wao tunauheshimu, maana ni wetu pia. Hitimisho lao tunalikataa.

Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu, na baadaye aliongoza chuo cha kuandaa walimu. Alichukua mbinu za kale za mapigano, akaziondoa mazoezini zile za kujeruhi, akabakiza malezi. Somo la mwanzo si kumwangusha mwenzio, bali kuanguka wewe mwenyewe: kukunja kidevu, kuupiga mkeka kwa mkono, kisha kuinuka. Baadaye hufuata somo la mizani: mpinzani hatupwi kabla hajayumba. Mvuvi wa Lweba analijua hilo, kwani anayesimama mkavu kama gogo ndani ya mtumbwi, wimbi dogo linamtosha.

Juu ya mbinu hizo Kano aliweka kanuni mbili: kuitumia nguvu vema bila kuipoteza bure, na kustawi pamoja, mimi na mwenzangu. Ndiyo maana wachezaji huinamiana kwa heshima kabla na baada ya pambano. Tuwaulize basi wanaopinga: anayemkabidhi kijana bunduki humfundisha lipi kati ya hayo?

Hata hivyo, judo haiokoi mtu kwa nguvu yake yenyewe. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alikimbia vita angali mtoto, akaifahamu judo Kinshasa, katika kituo cha watoto waliohamishwa na vita. Alisimulia kwamba makocha wake walimfungia ndani ya kizimba, kwa chakula kidogo, aliposhindwa mashindanoni. Mwaka 2013 alibaki Brazili kuomba hifadhi. Mwaka 2016 alishiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza. Mchezo uliomlea ndio uliotumiwa kumtesa. Kilichowakosekana watesi wake ni ile kanuni ya pili, ambayo sisi Wakristo tunaijua kwa jina la upendo. Kwa hiyo swali la parokia si mchezo gani unafundishwa tu, bali ni nani anayefundisha, na kwa moyo gani.

Yakobo alishindana mweleka hadi alfajiri, akaondoka akichechemea, naye amebarikiwa. Mtakatifu Paulo hakuona haya kuwatolea Wakorintho mfano wa wakimbiaji na wanamasumbwi. Sisi tunaona haya ya nini?

Tuwatandikie vijana wetu mkeka uwanjani, kabla mwingine hajawaita msituni.

Kwa tafakari ya kikundi: nilipoangushwa mara ya mwisho, niliinuka na nini moyoni, kisasi au hekima?