Swali la Mtu Mwingine kwa Kiingereza



Wazazi wa Chemchem, hapa Tabora, wametueleza shida ya watoto wao walioingia sekondari. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Sasa karibu kila somo ni Kiingereza, na zoezi moja humwangusha daima: kuweka swali katika usemi wa taarifa. Huandika, “He asked me where do I live.” Daftari hurudi na wino mwekundu, naye huanza kuogopa kunyoosha mkono darasani.

Tusimwite mvivu. Kosa hilo amelitoa katika Kiswahili kilicho sahihi. “Unaishi wapi?” kwetu huwa “Aliniuliza ninaishi wapi”: nafsi imebadilika, lakini mpangilio na wakati vimebaki palepale. Kiingereza hudai zaidi. “Do” huondoka, kiima hutangulia kitenzi, na kwa kuwa “asked” ni wakati uliopita, “live” kwa kawaida hurudishwa nyuma pia: “He asked me where I lived.” Alama ya kuuliza nayo hufutwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza asijitoe. Kubadili nafsi mtoto anakujua tangu alipoanza kutumwa kwa jirani. Bibi wa nyumba ya pili akimwambia, “Kamuulize mama yako, umemaliza kutumia chungu changu?”, atafika nyumbani na kusema, “Mama, bibi anauliza kama umemaliza kutumia chungu chake.” Hakuna aliyemfundisha kugeuza “changu” kuwa “chake”, wala kuingiza “kama”. Hiyo “kama” ndiyo “if” au “whether” ya Kiingereza, kwa maswali yanayojibiwa ndiyo au hapana.

Madrasa nayo ina mfano mzuri kuliko vitabu vingi vya sarufi: Hadithi ya Jibril, ya pili katika Arubaini ya Imam Nawawi, iliyosimuliwa na Umar bin Khattab (R.A.). Mgeni alipokwisha kuondoka, Mtume (S.A.W.) alimuuliza Umar iwapo anamjua muulizaji yule. Kwa Kiingereza: “The Prophet asked Umar whether he knew who the questioner was.” Itazameni hiyo “was” ilivyokaa mwishoni, watoto wetu wengi wataivuta mbele. Baada ya Maghrib, mtoto alisimulie tukio hilo kwa Kiswahili kwanza, kisha aandike sentensi yake. Jibu la Umar amekwisha kulihifadhi, na hapo aanze kwa “Umar replied that”, maana jibu halihitaji “whether”.