Ufundi Usilipwe kwa Macho

Ndugu Wafanya Kazi,

Hapa Gilgil wako wenzetu wenye motokaa zilizokwisha pita mikono mingi. Bomba la moshi limeliwa na kutu, sailensa imetoboka, na motokaa yanguruma kama garimoshi likipanda mlima. Bomba jipya dukani ni ghali. Basi mwenye motokaa hununua vipande kwa wauza vyuma vikuukuu, huazima mashini ya kuchomelea, na Jumamosi hujitengenezea bomba lake mwenyewe, ingawa hajapata kuchomelea hata siku moja.

Wako wanaomcheka. Mimi simcheki. Mafundi wetu wa jua kali walipata jina hilo kwa kufanya kazi kutwa bila paa, na wengi wao walijifunza hivyo hivyo, kwa kutazama na kujaribu. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa yao juu ya kazi katika Kenya, wakasema kwamba kazi ndogo ndogo za namna hii zina faida na zafaa kusaidiwa, wala si kusumbuliwa. Kwa hiyo mtu ajaribu. Ninalopinga mimi ni karo tunayomtoza mwanagenzi: macho yake, mapafu yake, na pengine maisha ya watoto wake.

Tuanze na watoto. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa hewa safi. Usiku wa Gilgil ni baridi. Madirisha hufungwa na watoto husinzia kiti cha nyuma. Bomba likivuja chini yao, huenda wasiamke. Mshono wenye sura mbaya si kosa. Kosa ni tundu. Kabla ya kuendesha, washa injini ingali baridi, motokaa ikiwa nje mahali peupe. Paka povu la sabuni kwenye maungio, na mwenzako azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene. Povu likifura, hapo pana tundu.

La pili ni chuma chenyewe. Wengi huchukua bomba la maji kwa kuwa lapatikana upesi. Bomba hilo limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Aliyeuvuta hurudi nyumbani akitetemeka usiku kama mwenye malaria. Tafuta bomba jeusi lisilo na zinki, na ufanye kazi penye upepo.

La tatu ni mkono. Bomba la moshi ni jembamba, na mwanagenzi hulitoboa. Ajizoeze kwanza juu ya vipande vya kutupa, kwa kijiti chembamba cha milimita 2.5 na umeme mdogo. Ashike bomba kwa nukta nne kwanza, kisha aunge kidogo kidogo akiacha chuma kipoe. Aondoe waya wa betri, na asichomelee karibu na tangi la petroli. Tena bomba lining'inie kwa mipira, maana injini hutikisika, na bomba lililokazwa kwa chuma kitupu hupasuka mshono.

Sasa macho. Mwanga wa kuchomelea hauumi papo hapo. Saa kadhaa zikipita, mtu huona kama ametiwa mchanga machoni. Pengine hupona kwa siku moja au mbili, lakini mwanga huo ukirudiwa waweza kuharibu jicho lenyewe. Miwani ya jua ya sokoni haitoshi. Hutakiwa ngao ya uso yenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani waliamua kwamba moshi wa kuchomelea, na miali ya mwanga wake pia, huleta saratani kwa binadamu.

Wengine watasema: chama ni cha mishahara, motokaa ya mtu yatuhusu nini? Nawajibu hivi. Sisi ni watu wa reli. Aliyeumia macho Jumamosi ndiye atakayetazama ishara Jumatatu, nyekundu na kijani, na nyuma yake kuna mabehewa na watu. Na aliyeumia katika kazi yake mwenyewe nyumbani hana mwajiri wa kumdai fidia.

Tena kuna vijana wanaoshikilia bomba huku fundi akichomelea, wakigeuza uso tu. Kijana akiwa mwanagenzi wa mwajiri, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamhesabu kuwa mfanya kazi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamdai mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wangapi wamepata kuambiwa hayo?

Basi naomba mkutano wetu ujao uamue mambo mawili. Kwanza, tawi linunue ngao mbili za uso na glavu za ngozi kwa fedha za ada, zikae kwa katibu, ziazimwe kama mtu aazimavyo jeki. Pili, wenzetu wenye cheti cha ufundi wafundishe Jumamosi moja kila mwezi, bila malipo, na vijana wa barabarani wakaribishwe. Atakayefaulu aonyeshwe njia ya kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu, apate karatasi ya kuonyesha kwa mwajiri.

Gharama ni ndogo. Tukigawana, kila mwanachama atatoa kiasi asichokihisi mfukoni. Jicho likipotea halina duka.

Mfanya kazi wa Reli,
Gilgil