Taa ya Barabarani Ianzie Wapi?

Wako wanaodhani kwamba taa za barabarani za stima zilianza Nairobi. La hasha! Pwani yetu ilizijua mapema. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alinunua jenereta ya kuangaza jumba lake pamoja na njia za karibu. Mnamo 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua mashine hiyo hiyo, ndipo ikaundwa kampuni ya kuuza stima Mombasa. Nairobi nayo ilianza safari yake mwaka huo huo.

Angalieni jambo moja hapo: taa ilifuata jumba. Aliyekaa mbali, shauri yake! Mtindo huo mimi naupinga. Maji ya Tana yanazungusha mitambo ya Kindaruma tangu 1968, halafu ndiyo hayo yanatufikia sisi wa huku chini. Yamekwisha kuwasha taa za watu mijini, na sisi wanafunzi wa kutwa tukichelewa jioni tunarudi nyumbani kwa tochi, masikio wima, tusije tukakutana na kiboko aliyetoka mtoni kula.

Kwa hivyo taa zikiwekwa hapa Ngao zisianzie kwenye geti la mkubwa, eti kwa sababu ana gari. Jamani, si gari lina taa zake? Zianzie njia ya hospitali, ambako mama mjamzito hupelekwa usiku wa manane, kisha zije njia ya shule. Mkubwa anaweza kungoja kidogo.