Bedsita yako haihitaji kuigiza Sweden, Lamu inatosha

Ingia TikTok saa hii utafute video za kupanga keja. Utaona ukuta mweupe, zulia la manyoya, ua la plastiki na taa zinazowaka rangi nyuma ya kitanda. Keja ya Roysambu na ya Rongai zinafanana kama pacha. Mwenyewe atakwambia huo mtindo ni "japandi", yaani ndoa ya Japani na nchi za Skandinavia: mbao, rangi tulivu, vitu vichache.

Sina ubaya na japandi. Wazo lenyewe ni poa. Shida yangu ni kwamba tunanunua picha ya asili na kuiacha asili yenyewe. Ua la plastiki kazi yake ni kushika vumbi. Karatasi ya ukutani iliyochorwa mbao si mbao. Na kiondo alichosuka shosho kwa mkonge kiko chini ya kitanda kimejaa viatu, huku mwenye keja akitafuta kikapu kama hicho hicho kwenye duka la Westlands, bei ya kutoa jasho.

Mimi si msanifu. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, na hata sikuwa nasomea majengo. Lakini ukitaka mwalimu wa kupanga chumba kidogo, tunaye hapa Kenya. Ni Mji wa Kale wa Lamu, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka 2001.

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari lake likashikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazikuwa ndefu, kwa hivyo upana wa chumba haukuweza kupita mita tatu hivi. Soma hapo tena. Huo ni upana wa bedsita nyingi tunazolipia kodi. Na usidhani walioishi humo walikuwa maskini. Zilikuwa nyumba za matajiri, tena wengine walimiliki watumwa, kwa hivyo sisemi turudi enzi hizo. Nasema tuangalie walivyotumia nafasi.

Kwanza, vitu vilipanda ukutani. Walichonga zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo na mapambo, sakafu ikabaki wazi. Wewe landilodi hakuruhusu hata kupiga msumari, lakini rafu nyembamba ya mbao inayosimama yenyewe fundi wa mtaani atakuundia, na ukihama unahama nayo.

Pili, pazia lilifanya kazi ya mlango. Leso mbili au kikoi kwenye kamba zinatosha kutenga kitanda na pale unapopikia. Mgeni akija haoni matandiko yako, na ukitaka nafasi unavuta tu.

Tatu, katikati ya nyumba kulikuwa na kiwanda, ua usio na paa, ulioingiza mwanga na hewa. Hapo ndipo tunapochapwa. Mkeka wa ukindu utanunua, shuka ya Kimaasai utatupia kitini, mshubiri utapanda kwenye mkebe wa rangi. Hewa hautaipata sokoni Gikomba.

Ndio maana naona mjadala wa mapambo unatupotosha kidogo. Tunaambiwa keja ikikukaba ni kwa sababu hujui kuipanga. Zii! Kuna ploti zinajengwa dirisha likitazama ukuta wa jirani, unaweza kuugusa ukinyoosha mkono. Taa inawaka saa sita mchana. Hapo ukuta unaota ukungu na nguo zinanuka unyevu, na hakuna zulia la kuficha hayo. Hilo ni kosa la aliyejenga.

Kwa hivyo wasee, kabla ya kulipa dipoziti, nenda uone nyumba mchana. Mwambie keateka azime taa. Fungua dirisha uone kama linafunguka kweli, na linatazama nini. Ukiwa na chaguo la keja mbili za bei moja, chukua ile yenye mwanga hata kama vigae vyake si vya kung'aa. Tukianza kuvikataa vyumba vya giza kwa wingi, wanaojenga watasikia, kwa sababu lugha wanayoelewa ni nyumba kukaa tupu.

Ukishaingia, anza na godoro zuri. Usingizi haupigwi picha lakini ndio starehe yenyewe. Pazia lifuate, halafu mkeka. Ua la plastiki liache dukani. Na kiondo cha shosho kitoe huko chini, viatu vitapata pengine pa kukaa.