Munganga wa nyama anajibu: Imbwa yenye kutoka damu ku pua

Kijana mumoja wa Katuba anauliza: «Imbwa yetu ya kulinda nyumba inatoka kamasi na damu ku tundu moja ya pua, sasa miezi mbili. Jirani anasema tuiue. Tufanye nini?»

Kijana, musiiue. Kwa imbwa ya pua murefu, mara ingine ni ukungu unaoitwa Aspergillus. Unakaa mu majani ya kuoza na mu vumbi. Ukiingia, unakula mifupa myembamba ya ndani ya pua. Lakini ugonjwa wa kupe, jino ya kuoza ao kivimbe vinaweza pia kuleta damu. Muipeleke kwanza kwa munganga wa nyama. Ku UNILU kuko fakilte yao.

Ikiwa ni ukungu, munganga anaangalia kama mufupa kati ya pua na ubongo uko muzima. Kiisha anailalisha, anajaza klotrimazole mu pua karibu saa moja. Mara mingi inaomba kurudilia.

Hata ikipona, mifupa yenye kuliwa haioti tena. Kamasi kidogo inaweza kubakia. Musiogope. Lakini damu ikirudia, murudie upesi kwa munganga.